Bogoria: Mvua Inayorudi Ikichemka

Ziwa Bogoria limo katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta, katika sehemu ya Bonde la Ufa iliyo kiasi cha mita 990 juu ya usawa wa bahari, na ingawa wageni wengi hulijua kwa sababu ya heroe, yaani wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu ambao wengine huwaita flamingo, jambo linalolitenga na maziwa mengine ya nchi hiyo ni maji yanayotoka chini ya ardhi yakiwa yamekwisha kuchemka. Kandokando ya ziwa zimehesabiwa chemchemi zipatazo 200, nyingine vuguvugu tu kama maji ya kumwogesha mtoto, nyingine zikifikia nyuzi 98 za Selsiasi, na chache kati yake ni za namna ile adimu ambayo hutulia kwa muda kisha hurusha maji hewani kwa nguvu. Chemchemi ya namna hiyo huitwa gaiza, neno lililotoka Iceland, ambako Geysir ni jina la chemchemi mojawapo, na kwa kuwa gaiza ni haba mno barani Afrika, mkazi wa Afrika Mashariki anayetaka kuiona kwa macho yake hana pa kwenda karibu zaidi ya hapa.

Maandishi mengi ya utalii huliita Bogoria ziwa la volkano, na usemi huo, ingawa si uongo mtupu, humpoteza msomaji. Volkano zenyewe zipo jirani: upande wa kusini, juu ya mji wa Nakuru, ipo Menengai na kaldera yake, yaani lile shimo pana linalobaki baada ya kilele cha mlima kudidimia, upande wa kaskazini, kupita Ziwa Baringo, zipo Korosi, Paka na Silali, na ndani ya Ziwa Baringo kuna kisiwa cha Ol Kokwe, ambacho ni kazi ya volkano na kina majimoto yake. Kwenye ufuo wa Bogoria, hata hivyo, hakuna mlima wa moto wala shimo lililolipuka majuzi. Miamba myeusi inayoonekana huko ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka ukamwagika juu ya ardhi na kuganda, lakini iliganda zamani sana, mamia ya maelfu ya miaka na zaidi kabla ya leo, na tangu hapo imekuwa ikipasuliwa na kuinamishwa na nguvu zile zile zilizolichimba bonde. Kwa hiyo anayesimama Bogoria akitafuta mlima unaofuka moshi atautafuta bure, maana kinachohusika hapa ni ufa.

Ufa huo umetokana na kuvutwa kwa ukoko wa dunia, yaani lile gamba gumu la nje ambalo juu yake tunaishi, kuelekea mashariki na magharibi kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka, na gamba likivutwa hufanya kama unga uliokandwa unapovutwa kwa mikono miwili: katikati hukonda. Ukoko ukikonda, joto la chini husogea karibu na uso wa ardhi, na mahali pengine magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao haujatoka nje, hupenya kwenye nyufa na kubaki humo bila kulipuka, ukiipasha moto miamba inayouzunguka kwa maelfu ya miaka. Wakati huo huo vipande vya ukoko hukatika na kushuka. Bogoria imelala penye kipande kilichoshuka zaidi upande mmoja, na umbo hilo huonekana bila elimu yoyote ya miamba, kwani mashariki kuna genge la Siracho, ukuta uliosimama mamia ya mita juu ya maji, lakini magharibi ardhi hupanda polepole kama paa la banda. Ziwa limejipenyeza kwenye pembe ya chini kabisa, chini ya ukuta, likiwa na urefu wa kilomita zipatazo 17 na upana usiozidi sana kilomita 4, na ndiyo sababu kwenye ramani huonekana kama unyayo mwembamba.

Joto peke yake, hata liwe kali namna gani, halifanyi chemchemi. Zipo sehemu kavu za Bonde la Ufa ambako ardhi ina moto wa kutosha lakini hakuna kinachotoka isipokuwa mvuke hafifu, kwa sababu maji hakuna. Wataalamu waliochunguza maji ya chemchemi za Bogoria kwa kupima aina za hidrojeni na oksijeni zilizomo, ambazo hubeba alama ya mahali maji yalikotoka kama vile noti inavyobeba namba yake, wamekuta kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ni ya mvua. Mvua hunyesha juu ya mabega ya bonde, huko kwenye misitu na mashamba ya nyanda za juu, sehemu yake hupotelea kwenye nyufa, hushuka mpaka kwenye miamba ya moto, na baada ya safari ndefu hupanda tena kwa kufuata mipasuko iliyo chini ya ufuo. Njiani huchanganyika na maji yaliyovuja kutoka ziwani na hukusanya chumvi za miamba pamoja na gesi. Hesabu zilizofanywa kwa kutumia kemia ya maji hayo zimeonyesha kwamba huko chini yalikokaa yalikuwa na joto la nyuzi 170 hivi. Mtu anayeosha mikono kwenye kijito cha vuguvugu cha ufuoni, kwa hiyo, huenda anaosha kwa mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa, pengine kabla babu yake hajazaliwa.

Hapo panazuka swali ambalo watoto wa shule hulitambua upesi kuliko watu wazima: maji yanawezaje kuwa na nyuzi 170 na yasigeuke mvuke wote? Jibu ni uzito. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, mfano Mombasa au Dar es Salaam. Yakipandishwa mlimani, ambako hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, huchemka kabla ya hapo, na kwenye kimo cha Bogoria huchemka yakifika karibu nyuzi 97. Yakishushwa chini ya ardhi mambo hugeuka, kwa kuwa maji yaliyo juu huyakandamiza yaliyo chini, kiasi kwamba kwenye kina cha mita 100 maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 180 hivi. Kanuni ni ile ile ya sufuria ya presha jikoni. Maji ya Bogoria yanapopanda na kupunguziwa uzito, hufika mahali ambapo joto lile lile lililokuwa halitoshi kuyachemsha sasa linatosha na kuzidi, na ndipo yanapoanza kutokota yakiwa bado njiani.

Kama njia ni pana na iliyonyooka, maji hutoka yakitokota bila kukoma, na hiyo ni chemchemi ya kawaida. Kama njia ni nyembamba, ina mikunjo na vyumba vya ndani, maji ya juu hukaa kama kifuniko juu ya maji ya chini yanayozidi kupata moto. Kisha povu la kwanza la mvuke hupanda, huyamwaga nje maji kidogo ya juu, uzito hupungua ghafla, na maji ya chini, ambayo yalikuwa yakizuiliwa na uzito huo tu, hugeuka mvuke kwa mkupuo na kuyasukuma nje yote yaliyo mbele yake. Aliyewahi kuacha uji jikoni akaukuta umefurika mekoni ameona jambo la jamii hiyo. Gaiza za Bogoria si ndefu. Nyingi hazifiki kimo cha mtu, na zile kubwa zimewahi kurusha maji kiasi cha mita 5. Anayezilinganisha na zile za Yellowstone huko Marekani ataona ni fupi, lakini ulinganisho huo hauna haki, kwa sababu gaiza za Yellowstone hutazamwa kutoka kwenye njia za mbao zilizotengwa, ilhali hizi zipo pale pale ziwani, na mtazamaji husikia ngurumo yake chini ya soli za viatu kabla hajaona maji.

Si kila kinachotoa mapovu kinachemka. Chemchemi nyingi za Bogoria hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile inayoipa soda ya chupa povu lake, na gesi hiyo huweza kuyatibua maji ambayo ni ya joto la kuoga tu. Kinyume chake, dimbwi tulivu, jangavu, lisilo na mvuke mwingi kwa sababu jua limekwisha kupasha hewa moto, laweza kuwa na nyuzi 95. Macho hayafai kuwa kipimo hapa.

Mahali panapotembelewa zaidi ni Loburu, kwenye ufuo wa magharibi. Chemchemi moja ya hapo, ikitazamwa kwa utulivu, hufundisha zaidi kuliko kuzikimbilia zote kwa saa moja. Mdomo wake ni shimo lisilozidi upana wa karai, kingo zake zimejengwa na tabaka jeupe la chokaa ambalo maji yenyewe yameliacha yanapopoa na kupoteza gesi, na ndani yake maji ni safi kiasi cha kuonyesha giza la tundu yanakotoka. Karibu na mdomo hakuna rangi yoyote isipokuwa weupe na kijivu. Hatua mbili tatu kufuata kijito, utando mwembamba wa manjano huanza kushika mawe, kisha rangi ya chungwa, kisha kijani kibichi kinachoteleza kama bamia, mpaka kijito kinapoingia ziwani. Rangi hizo ni viumbe hai. Ni bakteria za kundi linaloitwa sayanobakteria, ambazo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na kila aina hukaa pale tu ambapo joto linaifaa. Juu ya nyuzi 73 hivi hakuna kiumbe kinachojulikana duniani kinachoweza kutumia mwanga wa jua kujilisha, na ndiyo maana mdomo wa chemchemi umebaki mweupe. Kwa hiyo kijito kizima ni kipimajoto kilichochorwa ardhini, na mtu anayejua kukisoma hana haja ya kutia kidole.

Mwishoni mwa kijito wapo heroe. Maji ya ziwa hayanyweki, kwani Bogoria halina mto unaotoka, na kila chumvi inayoletwa na mito ya Sandai na Emsos na hizo chemchemi hubaki humo huku maji yenyewe yakikaushwa na jua kwa kiasi cha mara tatu na zaidi ya mvua inayonyesha juu yake. Kinachobaki kwa wingi ni magadi, na mpishi anayetia magadi kwenye maharage ili yalainike upesi anaijua kemia ya Bogoria bila kuambiwa: ni chumvi chungu, inayoteleza vidoleni kama sabuni, na katika miaka ya ukame maji ya ziwa yamewahi kuwa na chumvi zaidi ya mara mbili ya ile ya bahari. Samaki hawawezi kuishi humo. Anayeweza ni spirulina, kiumbe mdogo wa kijani aliyejikunja kama kamani ya saa, ambaye huzaana mpaka maji yakawa kama supu ya mchicha, na heroe mdogo humla kwa kuchuja maji kwa mdomo uliopinda akiwa ameinamisha kichwa juu chini. Rangi yake ya waridi hutoka kwenye chakula hicho. Katika miaka ya neema wamewahi kukusanyika Bogoria zaidi ya milioni moja. Wakishashiba magadi hulazimika kunywa na kuosha manyoya kwa maji yasiyo makali sana, na hayo huyapata kwenye vinywa vya vijito vya majimoto, wakisimama kwa foleni mahali ambapo maji yamepoa kiasi cha kuvumilika.

Chemchemi hizo zinazowanywesha zimewahi kushukiwa kuwa zinawaua. Katika miaka ya 1990 heroe walianza kufa kwa maelfu katika maziwa ya Nakuru na Bogoria bila sababu iliyojulikana, na mwaka 2003 kundi la watafiti likiongozwa na Lothar Krienitz lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba utando ule wa sayanobakteria kwenye majimoto ya Bogoria hutengeneza sumu za ini na za neva, na kwamba sumu za namna hiyo zilikutwa pia ndani ya matumbo ya ndege waliokufa. Haikuwa sababu pekee, kwani magonjwa na njaa navyo vilitajwa, lakini tangu hapo utando wa rangi ya chungwa haukutazamwa tena kama pambo tu.

Wenye ziwa waliyaelewa mengi kabla ya wanasayansi. Waendorois, jamii ya wafugaji wanaohesabiwa miongoni mwa Wakalenjin, wameishi pande zote za ziwa kwa karne nyingi, wakilisha ng'ombe na mbuzi kwenye nyanda za ufuo wakati wa mvua, wakiwapeleka kwenye msitu wa Mochongoi wakati wa kiangazi, na wakiwalambisha chumvi ya udongo wa ziwani ambayo huwaponya na kuwanenepesha. Masimulizi yao husema kwamba mahali palipo na ziwa palikuwa na makazi ya watu, na kwamba Mungu alipokasirika aliifanya ardhi ididimie usiku mmoja, maji yakajaa. Mwanajiolojia akilisikia simulizi hilo hana budi kutikisa kichwa kwa kukubali angalau nusu yake, kwa sababu kudidimia kwa ardhi ndiko hasa kulikolifanya bonde. Katika imani yao pia, roho za Waendorois waliokufa, wazikwe popote walipozikwa, hukaa ziwani, na sherehe za kila mwaka zilifanywa huko.

Misafara ya biashara ya pembe iliyotoka pwani, ambayo wapagazi na viongozi wake walisema Kiswahili, ilikuwa ikipita jirani katika karne ya 19, kwa kuwa makazi ya Njemps karibu na Ziwa Baringo yalikuwa kituo cha kununua chakula kabla ya kuendelea mbele. Mwaka 1885 askofu Mwingereza, James Hannington, alipita njia hiyo akielekea Buganda, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na Wazungu waliochora ramani wakaliita ziwa kwa jina lake; Ziwa Hannington ndilo jina linalokutwa katika vitabu vya zamani. Mwaka 1893 alifika katika bonde hilo mwanajiolojia John Walter Gregory, ambaye ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa katika lugha ya wataalamu.

Mwaka 1973 serikali ya Kenya ililitenga ziwa na ardhi inayolizunguka, eneo la kilomita za mraba 107, kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaondolewa. Waliahidiwa fidia ambayo kwa sehemu kubwa haikuwafikia, wakanyimwa kuingia kwa uhuru kwenye malisho, chumvi na mahali pao pa ibada, na waliposhindwa katika mahakama za nchi walipeleka lalamiko lao mwaka 2003 kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume, uliotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2010, uliwapa haki: ulisema kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki yao ya ardhi, dini, utamaduni, mali asili na maendeleo, na ukapendekeza warudishiwe ardhi yao na walipwe fidia. Uamuzi huo hutajwa katika vyuo vya sheria duniani kote. Utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kobe, na mgeni anayelipa kiingilio langoni anapaswa kulijua hilo, maana mandhari anayopigia picha ni mashtaka ambayo hayajakwisha. Ziwa lenyewe limeendelea kukusanya heshima: mwaka 2001 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Elementaita, likawa Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Tangu mwaka 2010 hivi jambo jingine limelibadilisha ziwa kuliko sheria yoyote. Maji yamepanda. Yamepanda katika karibu maziwa yote ya Bonde la Ufa nchini Kenya, na ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 ilitaja kuongezeka kwa mvua kama sababu kubwa, ikisaidiwa na ukataji wa misitu kwenye vyanzo vya maji, ambao huruhusu mvua na udongo kushuka kwa pamoja. Bogoria, ambalo lilikuwa na eneo la kilomita za mraba thelathini na kitu, lilipita 40. Barabara ya ufuoni, majengo ya lango la Loboi na nyumba za watu vilizama, na wakati mmoja ilihofiwa kwamba lingeweza kuungana na Ziwa Baringo, jambo ambalo lingemwaga magadi kwenye maji baridi yenye samaki wanaolisha vijiji vingi.

Kwa majimoto, kupanda huko kuna hesabu yake. Chemchemi nyingi zilizokuwa ufuoni sasa zimo chini ya maji, na hutambulikana tu pale ambapo uso wa ziwa unatutumka au kutoa duara la mapovu. Kila mita ya maji inayoongezwa juu ya mdomo wa gaiza ni uzito unaopandisha kiwango cha kuchemka, na maji baridi yanayoingia ndani ya njia huvunja mpangilio wote, hivyo gaiza iliyozama huacha kuwa gaiza. Kwa upande mwingine, ziwa likipanda huyasukuma maji ya ardhini nayo yapande, na chemchemi za juu kidogo, zilizokuwa zikitoa mvuke tu au zimelala, huweza kuamka na kutoa maji. Watafiti walioifuatilia Bogoria tangu miaka ya 1970 wamekwisha kuona gaiza zikizaliwa na kufa kwa kufuata kina cha ziwa. Kwa hiyo picha ya Loburu iliyomo kwenye kitabu cha mwaka 2005 haimwambii mgeni wa leo atakachokiona.

Mahali pengine duniani hasara ya namna hii imeletwa na binadamu kwa makusudi. New Zealand iliizamisha sehemu kubwa ya chemchemi za Orakei Korako mwaka 1961 kwa kujaza bwawa la umeme, na huko Wairakei, baada ya kituo cha umeme wa jotoardhi kuanza kazi mwaka 1958, gaiza za bonde la jirani zilikauka, kwa sababu visima vilinyonya maji na mvuke uliokuwa ukizilisha. Jotoardhi maana yake ni joto la chini ya ardhi, na mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme bila kuchoma mafuta. Kenya ndiyo inayoongoza Afrika kwa umeme huo: mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza mwaka 1981 ukiwa na megawati 15, na siku hizi zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi hutoka ardhini kwa njia hiyo, na visima vimechimbwa Menengai na hata Paka, kaskazini mwa Baringo. Bogoria nayo imepimwa. Faida ya umeme haina ubishi, lakini Olkaria ilikuwa na mvuke mwingi na maonyesho machache juu ya ardhi, ilhali kwa Bogoria maonyesho yenyewe ndiyo mali, na kilichoikuta Wairakei kinatosha kuwa hoja ya kuiacha bila visima.

Safari ya kufika si ngumu. Kutoka Nakuru barabara ya lami hushuka kuelekea kaskazini kwa kilomita 100 hivi mpaka Marigat, kupitia nchi ya wauza asali, ambao huipanga kwenye chupa kando ya njia, na vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka ng'ambo kuzuia jangwa na sasa umegeuka jangwa la aina yake. Kutoka Marigat njia hukunja kuelekea Loboi, ambako chemchemi za vuguvugu hulisha kinamasi cha mafunjo, na kutoka hapo huingia hifadhini. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla jua halijapita juu ya genge la Siracho, kwa kuwa mvuke huonekana vizuri hewa ikiwa baridi. Kufikia saa nne joto la Baringo huwa limekwisha kuufuta, na chemchemi zile zile huonekana kama madimbwi ya kawaida. Mwenye bahati ataona pia tandala mkubwa kwenye miteremko, na furukombe akiwawinda heroe kwa kukosa samaki.

Wageni wa Loburu wana desturi ya kuchemsha mayai, wakiyashusha kwenye maji ndani ya kikapu kidogo au mfuko uliofungwa kwenye fimbo, na baada ya dakika kumi hivi yai huwa limeiva. Desturi hiyo haina madhara ikiwa maganda na mifuko vitaondoka na aliyevileta. Hatari iko kwenye ardhi yenyewe, maana lile tabaka jeupe linaloonekana gumu karibu na mdomo wa chemchemi mara nyingi ni ukoko mwembamba uliotandazwa juu ya maji yanayochemka, na uzito wa mtu mzima hutosha kuuvunja. Watu wameungua vibaya hapo. Watoto washikwe mkono, viatu viwe vya kufunika mguu, na mwongozaji wa eneo hilo, ambaye amekulia kandokando ya madimbwi hayo na anajua lipi lilihama mwaka jana, atangulie mbele. Na kwa kuwa ziwa ndilo linaloamua ni gaiza zipi zitaruka na zipi zitabaki chini ya maji, anayekwenda kwa ajili ya gaiza aulize langoni, kabla ya kulipa, maji yamefika wapi msimu huo.